Kapasita za redio ya mbao: jua kazi yake kabla ya kusoma namba

Redio ya mbao ikishushwa darini huko Marangu au Machame na kufutwa vumbi, kosa la kwanza hufanyika palepale: mtu anaichomeka ukutani "kuona kama bado inaongea". Wakati mwingine inaongea kweli. Inanguruma kama mashine ya kusaga, inashika stesheni nusu saa, kisha harufu ya nta na lami ya moto inatanda sebuleni. Hapo hakijaungua kitu kimoja tu. Kapasita imevuja, valvu ya mwisho (taa ya kioo inayosukuma spika) imezidiwa mkondo, na transfoma ya spika, ambayo ukiitafuta madukani Arusha na Moshi utachoka miguu, imekatika waya wa ndani.

Kwa hiyo tuzungumzie kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji, au kondensa kama mafundi wa zamani wanavyoziita. Ninamlenga mtu anayeshika solda bila kutetemeka, mwenye mita ya dijitali, na mezani kwake kuna Philips, Grundig, Bush au Murphy ya miaka ya 1950 au 1960. Swali lake huja hivi: "Nimetoa ya 0.05, niweke ngapi?" Thamani ndiyo sehemu nyepesi ya jibu. Nzito ni kujua kapasita hiyo ina kazi gani pale ilipo, inabebeshwa volti ngapi wakati valvu bado ni baridi, na ikivuja nani anaungua.

Maneno machache ya usalama, maana redio hizi zinaua. Laini ya volti kubwa, yaani njia inayolisha valvu zote, hubeba DC ya kati ya volti 200 na 350, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Chukua rezista ya kiloohmu 10 ya wati 5, funika miguu yake kwa plastiki uache ncha tu, gusisha ncha moja kwenye hasi ya kapasita na nyingine kwenye chanya, hesabu mpaka tano, kisha hakiki kwa mita. Kukwaruza na bisibisi kunatoa cheche na kuharibu vifaa. Halafu tazama majina ya valvu. Yakianza na U, kama UCH81, UL84 au UY85, elewa kwamba redio hiyo huenda haina transfoma ya umeme kabisa, na chasisi yake imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa TANESCO. Plagi yetu ya pini tatu haigeuki, ni kweli, lakini aliyefunga soketi anaweza kuwa amepishanisha waya wenye umeme na nyutro. Redio ya namna hiyo ifanyie kazi kwa transfoma ya kutenga, na hata ikishapona usiiache bila vifuniko na vishikizo vyake vyote.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kupitie taa ya sirizi: balbu ya nyuzi ya wati 40 au 60 iliyoungwa kwenye waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti, zima. Balbu za LED na zile za kuokoa umeme hazifai kazi hii, kwa hiyo ukikutana na balbu ya zamani ya nyuzi inunue na uitunze.

Zipi zitoke, zipi zibaki

Hapa mafundi hawaelewani. Wapo wanaong'oa kila kapasita mpaka redio inabaki kama kuku aliyenyonyolewa, wakimaliza haishiki stesheni hata moja kwa sababu wamegusa zisizohitaji kuguswa. Wapo wanaobadilisha ile iliyopasuka tu na kuirudisha redio kwa mwenyewe. Msimamo wangu: kapasita za karatasi zitoke zote, hata zinazopima vizuri. Mika, seramiki na polistirini zibaki, isipokuwa uwe na ushahidi dhidi ya mojawapo.

Ya karatasi imetengenezwa kwa foili na karatasi iliyolowekwa nta au mafuta, ikafungwa kwa nta, lami au plastiki ngumu. Karatasi hunyonya unyevu. Hesabu masika ngapi zimepita juu ya dari hiyo, ongeza baridi ya Juni na Julai ya huku mlimani ambako nguo zenyewe zinagoma kukauka, na utaelewa kwa nini inavuja. Kuvuja huku si kumwaga maji. Ni kupitisha mkondo wa DC ambao kazi yake ilikuwa kuuzuia. Na mita ya kapasita haitakuambia, kwa sababu inapima kwa volti chache sana. Kuna kinachochekesha zaidi: kapasita ya karatasi inayovuja mara nyingi husoma thamani kubwa kuliko iliyoandikwa. Ya maikrofaradi 0.05 ikisoma 0.08, mwenye mita anafurahi kwamba "bado ina nguvu". Ndiyo mbovu kuliko zote.

Za kuzitilia shaka bila kujadiliana: zile nyeusi za lami kwenye Philips, Hunts nyeusi za Kiingereza ambazo ganda lake hupasuka, na Wima Tropydur za Kijerumani, ambazo jina linaahidi kuhimili nchi za joto na mwili unakataa. Kwa upande wa pili, Mullard za rangi ya haradali ni za poliesta na kwa kawaida ni nzima, ziache. Mika zilizomo ndani ya makopo ya IF (yale ya bati yenye koili) usizifungue. Polistirini, zile zinazong'aa kama kioo, huyeyuka kwa joto la solda. Ukilazimika kuunga karibu nazo, bana mguu wake kwa koleo nyembamba ili joto liishie hapo.

Ile inayoua valvu

Kama una pesa ya kapasita moja tu, nunua hii. Inatoka kwenye anodi (mguu unaotoa sauti iliyokuzwa) ya valvu ya sauti ya kwanza (EABC80 au EBC41, kwa mfano) kwenda kwenye gridi (mguu unaopokea sauti) ya valvu ya mwisho (EL84, EL41). Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Thamani huwa kati ya 10 nF na 47 nF (nF ni nanofaradi, elfu moja ni maikrofaradi moja, µF).

Chukua EL84. Katodi yake (mguu unaotoa elektroni) hukaa karibu volti 7 juu ya rezista ya ohmu 135 au 150, na mkondo wa anodi ni takriban mA 48. Kila volti moja unayoongeza kwenye gridi huisukuma valvu hii kuongeza mA 11 hivi. Rezista ya katodi hupunguza pigo, haiondoi. Kapasita ikivuja, gridi inapata volti chanya, mkondo unapanda, valvu inachemka, gridi yenyewe inaanza kutoa mkondo wake, na mambo yanazidi kupanda mpaka kitu kikatike. Ndiyo sababu redio inaweza kupiga vizuri nusu saa ya kwanza kisha ikaanza kukwaruza sauti.

Kipimo ni rahisi. Zima, ondoa chaji, fungua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, acha ule wa anodi. Weka mita kwenye volti za DC, kati ya mguu huo ulio wazi na chasisi, kisha washa. Namba itaruka juu na kushuka. Subiri itulie. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa megaohmu 10, kwa hiyo hesabu inafanyika kichwani: anodi ikiwa na volti 150 na mita ikatulia kwenye 20, volti 130 zimebaki kwenye kapasita, yaani uvujaji wake ni kama megaohmu 65. Ukirudisha mguu kwenye gridi yenye rezista ya kiloohmu 680, hiyo ni volti moja na nusu chanya. Itoe. Ikitulia chini ya nusu volti, uvujaji umepita megaohmu 2,900, na kama ni ya poliesta iache iendelee na kazi.

Mpya iwe ya poliesta au polipropilini, volti 630. Mtu atasema 400 inatosha kwa sababu anodi ina 150 tu. Ina 150 redio ikiwa imepata moto. Sekunde za mwanzo valvu haivuti chochote, na anodi inakaa na volti zote za laini, ambazo tutaziona hapa chini. Wala usiongeze thamani ukitafuta besi. Kwa rezista ya kiloohmu 680, 10 nF inapitisha mpaka karibu Hz 23, na spika ya redio hiyo haifiki huko hata kwa kubembelezwa.

Zile kubwa za laini

Mngurumo wa sauti nzito usiobadilika hata ukipunguza sauti hadi mwisho ni dalili ya kapasita za elektroliti zilizokauka. Kwenye redio nyingi ziko mbili ndani ya kopo moja la alumini lililosimama juu ya chasisi: 32+32, 50+50, wakati mwingine 16+16. Thamani hizo ni nadra kuzikuta madukani. Weka 33 badala ya 32, 47 badala ya 50, 22 badala ya 16, 10 badala ya 8. Za zamani zilitoka kiwandani zikiwa zimepishana sana na namba iliyoandikwa, kwa hiyo tofauti hiyo redio haiioni.

Kinachoonekana ni tamaa. Ubao wa TV ya zamani ya kichogo una kapasita ya 100 au 220 µF ya volti 400, ya bure, na mtu anaiweka akiamini kubwa ni bora. Kapasita ya kwanza, ile inayopokea moja kwa moja kutoka rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC), ina kikomo chake, na kikomo kinatokana na valvu ya rektifaya: EZ80 na EZ81 ni 50 µF, GZ34 ni 60, UY85 ni 100. Ukizidisha, kila nusu wimbi valvu inalazimika kujaza pipa kubwa kwa mkupuo, na katodi yake inachanika. Kapasita ya pili, iliyo baada ya rezista au choki (koili ya kulainisha umeme), inavumilia kuongezewa kidogo, lakini sioni sababu.

Sasa volti. Tuseme transfoma inatoa 250 kila upande, na redio imepangwa kwenye 220. Kilele cha 250 ni 354. Lakini umeme wetu ni 230, na usiku wa manane, majirani wakizima pasi na majiko, unaweza kukuta 240. Kwa 240 ile 250 inakuwa 273, na kilele chake 386. Laini inafika huko pale valvu za sauti bado ni baridi na hakuna anayevuta. Kapasita ya 400 inapumulia puani. Nunua ya 450, yenye alama ya nyuzi joto 105, na kama nyuma ya redio kuna kichaguo cha 240, kihamishie huko.

Usiunge mpya sambamba na mbovu. Mbovu itaendelea kuvuja na kupata joto humohumo. Fungua nyaya kwenye vishikio vya kopo, acha kopo mahali pake kwa ajili ya sura, na weka mpya chini ya chasisi juu ya kipande cha vituo vya kuungia, mbali na rektifaya na rezista zinazochemka. Mstari kwenye ganda unaonyesha hasi.

Hasi hiyo ndiyo huwaangusha hata wenye uzoefu. Tazama chini ya kopo. Ukiona ringi ya bakelaiti kati ya kopo na chasisi, usidhani ni pambo. Pima ohmu kati ya kopo na chasisi. Ukipata 50, 100 au 150 badala ya sifuri, hasi ya kopo haiendi kwenye chasisi. Inapitia rezista inayotengeneza volti hasi za gridi ya valvu ya mwisho. Ukiunga hasi ya kapasita mpya kwenye chasisi kwa sababu "hasi ni ardhi", mkondo wa kujaza kapasita unaanza kuipitia rezista hiyo, mngurumo unaingia kwenye gridi, na ukienda hatua moja zaidi ukaunga kopo lenyewe na chasisi, valvu inabaki bila breki kabisa.

Redio za kabla ya hapo, za miaka ya 1930 na 1940, zina sanduku la bati lenye kapasita za karatasi za 2 au 4 µF. Hapo kapasita ya feni ya dari inafaa sana: ni ya polipropilini, thamani zake huanzia kama 1.5 hadi 3.5 µF, imeandikwa volti 400 au 450 za AC, ambazo kilele chake kinapita 560, na ipo kwenye kila duka la vifaa vya umeme. Haina chanya wala hasi. Unga mbili sambamba upate unachotaka.

Zilizobaki kwenye chasisi

Kati ya anodi ya valvu ya mwisho na laini au chasisi kuna kapasita ndogo ya 2 hadi 10 nF inayopunguza ukali wa sauti. Inaonekana haina maana. Lakini sauti ikiwa juu, anodi hiyo inarukaruka mpaka volti mia kadhaa juu ya laini, na ikiwa imeungwa kwenye chasisi kisha ikapiga shoti, mkondo wote unapita kwenye transfoma ya spika. Weka ya volti 1000 au 1600.

Kapasita iliyoungwa kati ya nyaya mbili za umeme iwe na alama ya usalama ya X2 na AC 275 au zaidi. Inayounganisha waya wa umeme na chasisi, au chasisi hai na tundu la antena au ardhi, iwe Y2, au Y1 ukiipata. Hapa sina mjadala na mtu. Hiyo ya antena ikipiga shoti, waya ulioning'inizwa kwenye mwembe kwa ajili ya masafa mafupi unakuwa waya wa TANESCO. Ya kawaida ya volti 630 isitumike, hata kama "imekaa miaka bila tatizo".

Ile ya AGC (sehemu inayosawazisha stesheni kali na hafifu), kwa kawaida 50 au 100 nF, haina volti nyingi, na ndiyo maana husahaulika. Rezista zake ni za megaohmu moja au mbili, kwa hiyo uvujaji wa megaohmu 5 tu unakula sehemu kubwa ya volti. Dalili: stesheni ya karibu inapasua sauti na ya mbali ni sawa. 47 nF au 100 nF ya volti 100 inatosha. Zinazotuliza skrini gridi (gridi ya pili ya valvu) ziwe za 400 hadi 630. Ukikuta rezista ya skrini imebadilika rangi, mwenye kosa karibu daima ni kapasita iliyo pembeni yake.

Ya katodi ya valvu ya mwisho ni elektroliti ndogo, 25 au 50 µF. Weka 47 µF ya volti 50, bei ni ileile.

Kusoma alama na kutafuta vitu

Michoro ya Philips ikisema 47K, maana yake pikofaradi 47,000, yaani 47 nF, si rezista. Mmarekani akiandika MFD ni maikrofaradi, na MMFD ni pikofaradi. Redio za Kijerumani za kabla ya vita zina "cm": kila cm moja ni kama pikofaradi 1.1. Kwenye mpya, 103 ni 10 nF, 473 ni 47 nF, 104 ni 100 nF. Herufi J ni asilimia 5, K ni 10, M ni 20. Volti nazo zina siri yake: 2A ni 100, 2E ni 250, 2G ni 400, 2J ni 630, 3A ni 1000, 3C ni 1600. Ukiandikiwa 2J473K umeshaelewa.

Usipozipata kwa mafundi wa mjini, kuna Kariakoo, na kwa aliye Arusha basi la Namanga linafika Nairobi, ambako Luthuli Avenue imejaa vifaa hivi. Nunua elektroliti kwenye duka linalouza sana. Zilizokaa miaka kwenye kioo cha duka linalopigwa na jua zimeshapoteza nguvu. Jihadhari pia na ganda kubwa lenye kapasita ndogo ndani: pima thamani, na linganisha uzito na nyingine ya namba hiyohiyo. Mpya iliyokaa muda iamshe kwanza kupitia rezista ya kiloohmu 10 hadi volti zake zitulie.

Mabaki yana hazina, kwa kuchagua. Ubao wa TV ya kichogo, karibu na transfoma ya volti kubwa, una polipropilini za 1600 au 2000 zinazofaa kabisa kwa ile kapasita ya ukali wa sauti. Mlangoni pa umeme kuna X2. Ndani ya taa za kuokoa umeme kuna filamu za 400 hadi 1200 zenye thamani ndogo, nzuri. Elektroliti ya humohumo imeshapikwa kwa joto, itupe.

Kwa redio za transista sina mengi. Zikipiga "put-put-put" kama pikipiki pale betri zinapoanza kuchoka, elektroliti ya laini, kwa kawaida 100 µF au zaidi, imekauka. Badilisha zote, ni chache. Lakini zenye transista za gerimani (germanium) kama OC71 na OC72 mara nyingi chanya ndiyo iko kwenye chasisi, kwa hiyo weka mpya kwa kufuata alama ya uliyoitoa, usifuate mazoea. Na transista ya AF117 ikiwemo, stesheni zikipotea usilaumu kapasita. Ndani ya kopo la transista hiyo huota nywele za bati zinazopiga shoti.

Utaratibu wa kazi: piga picha chini ya chasisi, badilisha moja, hakiki, nenda nyingine. Baada ya kila tatu au nne washa kwa taa ya sirizi, ili redio ikinyamaza ujue kosa liko kwenye nne za mwisho, si kwenye kumi na tisa. Ukimaliza, pima volti ya katodi ya valvu ya mwisho na uigawe kwa rezista yake: 7.2 kwa ohmu 150 ni mA 48. Iache ipige saa nzima, pima tena. Ikiwa imepanda kutoka 7.2 hadi 9, bado kuna kapasita inayovuja mahali, au valvu yenyewe imechoka. Chomoa kapasita ya gridi upande mmoja upime upya: gridi ikibaki na volti chanya bila kapasita, badilisha valvu.